Waziri wa Michezo Asiyejua Kuimba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mkuu mpya wa chuo chetu cha ualimu kafika leo. Mwanamke! Madam Eufrasia. Sisi tulikuwa tunategemea gari la serikali na vumbi la heshima. Kaja na bodaboda kutoka stendi ya Bariadi, begi mgongoni, mpira wa netiboli umefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya siti. Mlinzi kamwambia mama, wazazi wanaona wanafunzi Jumamosi tu. Akacheka mpaka akashikilia geti.

Mchana kapanga foleni ya makande na sahani yake mkononi. Mbele yake alikuwa Josia, yule wa darasa letu asiyeweza kukaa kimya hata kanisani. Hakujua ni nani. Akamfundisha: mama, ukitaka maharage mengi mwamkie mpishi kwa sauti. Madam akapaza, "Shikamoo mpishi!" Akapata maharage mengi.

Josia kaambiwa baadaye. Yuko bwenini, hataki kutoka.


Jumatano, 5 Februari

Mstarini asubuhi. Madam hakutoa hotuba. Aliuliza swali moja tu: nani atakuja hapa mbele atuimbishe wimbo mmoja wa darasa la kwanza, na vitendo vyake?

Kimya. Mwaka wa kwanza kimya. Mwaka wa pili, sisi tunaojiita wazoefu, kimya kabisa. Mimi niliangalia viatu vyangu. Nadharia za ujifunzaji nazitaja zote bila kumeza mate. Lakini kuimba mbele za watu — hapana. Sauti yangu ni debe linaloburuzwa kwenye changarawe. Mama yangu kule Nkololo anasema nikiimba zizini ndama wanaacha kunyonya.

Hakukasirika. Akasema mwalimu wa shule ya msingi anaingia darasani na mwili mzima, sio kichwa peke yake. Mtoto wa miaka sita hatakuuliza cheti, atakuangalia mikono na uso. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo jioni zote zina kazi: michezo, ngoma na nyimbo, bustani, kutengeneza zana. Kila mtu, wakufunzi na yeye mwenyewe ndani.

Makamu wake, Mkufunzi Deogratias, aliangalia saa.

Namwelewa. Makamu ndiye anayetufundisha Hisabati, na hakuna anayefundisha kama yeye. Kipindi kikiisha unatamani ubao wake usifutwe. Alinisimamisha koridoni: Nyanjige, wewe ni mtu wa namba, usije ukapotezewa muda na kuruka kamba. Nikasema ndiyo Makamu. Moyoni nilifurahi. Nimepata wa kunitetea nisiimbe!


Jumamosi, 15 Februari

Sijui nicheke au nilie.

Zamani viongozi wa wanachuo tulikuwa tunasikia tu mstarini: fulani rais, fulani waziri, pigeni makofi. Madam kasema safari hii mnachagua wenyewe, na anayegombea asimame aulizwe maswali. Ikafika zamu ya Waziri wa Michezo na Sanaa. Josia akanyoosha mkono, uso wa malaika. "Napendekeza Nyanjige!" Bwalo zima likaanguka kicheko, maana wananijua. Ikapitishwa kwa utani. Halafu kura zikahesabiwa kweli.

Nimeshinda.

Nikaenda ofisini kwa Madam kujiuzulu kabla hata sijaapishwa. Nikamwambia sijui kuimba, kucheza nacheza kama mtu anayetoa miba mguuni. Akaniuliza, "Unajua kumwona mtu anayejua?" Nikasema nadhani. "Basi hiyo ndiyo kazi ya waziri. Na kujifunza pole pole kwa aibu zako, mbele ya wenzako. Waone inawezekana." Akanipa mpira. Ule ule wa kwenye bodaboda.

Josia sasa ananiita Mheshimiwa. Nitamlipa.


Jumanne, 18 Februari

Jioni yangu ya kwanza kama waziri. Netiboli: nimedaka mpira kwa pua. Wenzangu walifurahi kuliko kama ningefunga.


Ijumaa, 28 Februari

Leo lazima niandike yote.

Madam alisema kabla hajatukagua sisi, tumkague yeye. Atafundisha darasa la kwanza, shule ya msingi ya jirani, sisi tumsimamie ukutani na wakufunzi wote. Tukaenda. Watoto wamebanana, macho kama ya vifaranga. Madam kwao Muleba, kwenye migomba, Kiswahili chake kimenyooka. Akabandika picha kubwa ya mgomba, kaichora mwenyewe, nzuri kweli. "Watoto wazuri, hii ni nini?"

Hakuna.

Akauliza tena, kwa tabasamu. Mtoto mmoja wa mbele, kigauni cha njano, akajikaza. "Mandege!"

Madam akasema, "Ndege? Ndege iko wapi?" Akaangalia juu. Basi watoto wote wakaangalia juu. Wengine wakainuka kwenda dirishani kuitafuta ndege. Mmoja akaanza kulia, labda kaogopa. Josia kajifunika uso na daftari, mabega yanatikisika. Madam akajaribu kuwarudisha, akapiga makofi, wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi. Somo la silabi likafia hapo. Kigauni cha njano akakaa chini, kainamisha kichwa, hakusema tena mpaka mwisho.

Tuliporudi chuoni nilifikiri hatalizungumza. Bosi gani anazungumza aibu yake? Akatukusanya bwaloni. Akavuta kiti katikati, akakaa. "Haya. Nichambueni."

Nani aanze? Wakufunzi wenyewe wanaangalia dari. Mmoja akasema picha ilikuwa nzuri sana, Madam. Akasema asante, hiyo ni huruma, nataka uchambuzi.

Sijui ni nini kilininyanyua. Nilisema, "Madam, yule mtoto alikujibu." Akasema ehe? "Mandege kwa Kisukuma ni mahindi. Aliona majani mapana, hajawahi kuona mgomba, akasema anachokijua. Alifikiria vizuri. Wewe ukamwambia kakosea, na hukumsikia."

Makamu kakohoa. Mwisho wangu, nikajua, waziri wa wiki mbili.

Madam kaenda ubaoni. Kaandika kwa herufi kubwa: SIKUMSIKIA. Kaiangalia kidogo. Halafu akasema, "Wiki ijayo tunarudi darasa lile lile, mimi nitafundisha, Nyanjige atasimama nami, kazi yake ni kusikia."

Sijawahi kuona mkubwa akiandika kosa lake ubaoni kwa mkono wake. Sijui niliweke wapi hili.


Alhamisi, 6 Machi

Tumerudi! Safari hii picha ya hindi, na hindi lenyewe. Madam akaniuliza mbele ya watoto linaitwaje nyumbani kwenu, nikamwambia, akalitamka vibaya, watoto wakamrekebisha kwa kelele. Halafu wao wakalisema kwa Kiswahili. Ma-hi-ndi. Wakapiga makofi kwa silabi. Kigauni cha njano — anaitwa Lucy — alikuja mwenyewe ubaoni, akaonyesha "ma".

Madam kanishika bega wakati wa kutoka. Viganja vyote vilikuwa vyeupe chaki.


Jumanne, 25 Machi

Mikono ina malengelenge. Bugobogobo, ngoma ya majembe! Tumemwomba mpishi wetu, Mama Monika, kwao walikuwa wachezaji, akaja kutufundisha kurusha jembe na kulidaka. Nimelidaka mara chache. Josia hajalidaka kabisa, ila anapiga kelele za mchezaji bingwa.

Kitu kimoja nimegundua. Method, yule mpole wa nyuma asiyezungumza darasani, ngomani ndiye kiongozi. Anaita, tunaitikia. Leo mchana kwenye kipindi cha Kiswahili akanyoosha mkono. Mara ya kwanza tangu tumjue! Mkufunzi alishtuka akasahau swali.

Kuna bustani ya mchicha sasa. Makamu hajafika jioni hata moja. Hukaa ofisini anasahihisha. Taa yake tunaiona kutoka uwanjani.


Jumatatu, 28 Aprili

Matokeo ya majaribio yamebandikwa. Tumeshuka.

Sio kidogo. Hisabati tumeshuka, Kiingereza tumeshuka. Mimi mwenyewe! Niliyekuwa wa kwanza, sasa kuna watu watatu juu yangu. Makamu kabandika kwa mkono wake, kalainisha karatasi taratibu, akaondoka bila kutukemea. Ingekuwa afadhali angekemea.

Jioni hakuna aliyegusa mpira. Mwaka wa kwanza wamekaa vikundi vikundi. Nimesikia mmoja anasema baba yake kauza dume la ng'ombe amlete hapa asome, sio arushe jembe, jembe hata nyumbani lipo. Nilitaka kumjibu.

Mimi ndiye waziri wa hayo majembe.


Jumatano, 30 Aprili

Baraza la chuo. Wote, mpaka wapishi na mlinzi.

Makamu alizungumza kwanza. Nilifikiri ataleta asilimia. Hapana. Kasema yeye kazaliwa Dutwa, shule yao ilikuwa na mwalimu mmoja mwenye sauti nzuri kupita wote wilayani. Waliimba asubuhi, waliimba mchana. Wageni wakija wanawasifu. Kafika sekondari hajui desimali ni kitu gani. Wenzake walimcheka mwaka mzima. "Mwalimu wangu alitupenda. Lakini alitunyima. Sitaki mtoto yeyote Simiyu anyimwe na mtu aliyetoka mikononi mwangu." Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Sio kwa ubaya — ilikuwa nzito tu.

Madam akasimama. Nilimwombea apate la kujibu. Akasema, "Makamu yuko sahihi." Hivyo tu kwanza. Halafu akasema ratiba aliipanga yeye, kwa haraka ya mgeni anayetaka kuonekana. Kila jioni ni nyingi mno, watu wanafika prepo, kusoma usiku, wamechoka. Hilo ni kosa lake, sio la ngoma wala la wanachuo. Akatugeukia. Mnasemaje ninyi?

Watu wananiangalia mimi. Waziri!

Nikasimama. Nikasema ukweli: nimeshuka kwa sababu sijalala vizuri, na pia kwa sababu nilijiona najua, nikaacha kusoma. Hiyo ya pili haihusiani na jembe. Lakini zamani nilikuwa nakokotoa sehemu vizuri na sijui namna ya kumweleza mtu mwingine, nilikuwa namkasirikia asiyeelewa. Tangu niwe mjinga uwanjani, mbele za watu, nimejua mjinga anajisikiaje. Sitaki kuacha hilo. Naomba zibaki jioni mbili, nyingine tusome kwa vikundi, na anayejua amfundishe asiyejua kwa zana tulizotengeneza wenyewe.

Method naye akasimama! Kasema bila ngoma yeye asingesimama hapa. Akakaa haraka.

Basi wakajadiliana. Jioni mbili. Vikundi vitapangwa na Makamu. Bodi ya chuo itakutana Agosti, inataka kujua kama mpango huu uendelee au ufutwe. Madam akasema ripoti ya bodi hataandika yeye. "Makamu ataongoza usimamizi wa mazoezi ya kufundisha. Atawaona darasani, na watoto halisi. Atakachokiona ndicho atakachoandika. Mimi sitaisoma kabla ya bodi."

Makamu alimwangalia kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike.

Josia aliniambia tukitoka: huyu mama ana wazimu, kampa kisu mtu anayetaka kuchinja. Nikasema labda. Au labda ndivyo unavyomfanya mtu asichinje ovyo.


Alhamisi, 22 Mei

Kikundi changu kimeelewa kugawanya sehemu kwa vizibo vya soda na ugali! Ugali tuliula baadaye. Makamu alipita, akasimama mlangoni. Akasema kipande kile si robo, ni kidogo kuliko robo. Kweli. Josia alikuwa keshamega.


Jumapili, 13 Julai

Nkoma. Mimi na Josia tumepangwa shule moja ya mazoezi ya kufundisha. Basi limetushusha, tukamalizia na baiskeli mbili za kukodi, magodoro yamefungwa nyuma. Pamba pande zote, nyeupe, watu wameinama shambani hata Jumapili baada ya misa. Tumefikia kwa Mama Veronica, mjane, nyumba ya bati yenye ua safi, jirani kabisa na shule. Mimi chumba cha binti yake, Josia banda la nje karibu na mbuzi. Katupokea na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. "Karibuni banangu, msione aibu, kuleni." Josia hakuona aibu.

Kesho. Tunaingia darasani.


Jumatatu, 14 Julai

Mwalimu mkuu wa hapa, Mwalimu Athanasi, mzee mfupi, mchangamfu, koti limempwaya. Walimu wachache mno. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Kanipa darasa la tatu. Nikauliza wako wangapi. Akasema, "Wakija wote, mtasimama nje." Josia kapewa la kwanza na la pili, chumba kimoja.

Leo wengi hawakuja. Pamba.


Jumatano, 16 Julai

Vibaya. Vibaya kabisa.

Nilikuwa na andalio la somo safi, kama la kitabuni. Nikaandika ubao mzuri kama wa Makamu. Nikageuka: nusu wamelala mezani. Walitoka shambani alfajiri, wameokota pamba kabla ya kuja shule. Nikapaza sauti. Mmoja akaamka, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtu wa mbali, akalala tena. Ikanipanda hasira. Ile ya zamani.

Kisha nikaona mikono yao. Imechanwa na maganda ya pamba, vidole vyote.

Nikaweka chaki chini. Nikasema simameni. Sikuwa na mpango wowote. Nikaimba. Mimi! Wimbo wa kunyoosha mikono, ule Method aliotufundisha. Sauti ikakatika katikati, ikatoka kitu kama mbuzi. Darasa zima likaamka kwa kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashikana. Na mimi nikacheka. Tukaimba tena, wao wakaibeba, mimi nikafuata nyuma.

Baada ya hapo kuzidisha kulienda. Sio kote. Kulienda.

Josia alisikia kutoka chumba cha pili. Kaniuliza nani alikuwa anachinjwa.


Jumanne, 22 Julai

Mahudhurio yanapanda kidogo. Tumeanza netiboli mchana, mipira ya matambara, wasichana wa la tatu wananishinda mbio. Mama mmoja kaja na mwanaye mkononi kabisa, kasema huyu amegoma kwenda shamba, anasema leo kuna mchezo, ni mchezo gani huo? Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu." Akaniangalia kidogo. Akaondoka bila mtoto. Nimeichukua kama ushindi.

Nilimpigia Madam. Nilitaka kumwambia yote, chaji ikawa inaisha, nikamwambia moja tu: nimeimba. Nikasikia anawaambia watu waliokuwa naye ofisini, "Nyanjige kaimba!" Na watu wakashangilia. Sijui walikuwa akina nani.


Jumatatu, 28 Julai

Josia kasikia kutoka kwa wenzetu waliopangwa Nkololo: Makamu kaanza kuzunguka. Hasemi kitu. Anakaa nyuma, anaandika, anasema asante, anaondoka. Kwa Method alikaa vipindi viwili. Hakuna anayejua ni kwa uzuri au kwa ubaya. Nimeuliza alikuwa na uso gani. Wamesema uso wa siku zote.


Alhamisi, 31 Julai

Naandika nimesimama, daftari juu ya dirisha la ofisi. Siwezi kusubiri jioni.

Asubuhi Mwalimu Athanasi kaitwa mkutano wilayani, Lagangabilili, ghafla. Madarasa ya juu yana Mwalimu Paschal. Mwenye darasa la nne kaamka na homa, katuma mtu. Mwalimu Athanasi alikuwa tayari juu ya pikipiki, kofia kichwani. "Mwalimu Nyanjige, mpaka nirudi shule ni yako. Ukishindwa, usijifanye umeweza. Tafuta mtu." Akaondoka! Mimi, mwanachuo, na shule!

Nikagawa. Josia na wadogo zake wa la kwanza na la pili. Mimi la tatu. La nne — hakuna. Nikawapa kazi ya kunakili, nikawa nakimbia mlango huu na mlango ule. Nikiwa huku, kule kunalipuka. Nikiwa kule, huku wanapanda madirisha. Jasho.

Hapo hapo, pikipiki. Vumbi. Anashuka Makamu, suti ya kahawia, faili kwapani.

Leo! Siku zote zipo, kachagua leo!

"Shikamoo Makamu." Marahaba. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Darasa la nne linasikika mpaka barabarani. Akauliza mkuu wa shule yuko wapi, nikamweleza. Akauliza, "Na hawa wa kelele?" Nikasema hawana mwalimu leo. Akafungua faili, akatoa kalamu. Akasema haya, yeye amekuja kunipima, niendelee na la tatu, atakaa nyuma.

Kichwani mwangu nilikuwa na njia mbili. Moja: niingie la tatu, nifunge mlango, nifundishe kama malaika, nipate alama, hao wengine wapige kelele zao. Ripoti ingekuwa nzuri. Bodi ingeisoma. Madam angepona.

Na hao wa la nne wangekaa asubuhi nzima bila mtu.

Nikasikia mdomo wangu. "Makamu, samahani. Mwalimu Athanasi kaniachia shule. Darasa la nne lina kipindi cha sehemu, na hapa hakuna anayezijua sehemu kama wewe. Naomba uwafundishe. Utanipima baadaye." Na nikamnyooshea chaki. Mkono wangu! Kama sio wangu!

Aliiangalia chaki. Aliniangalia mimi. Nilihesabu nimefukuzwa mara tatu. Akafunga faili, akalisimamisha ukutani chini kama mtoto wa shule, akachukua chaki.

Nikaingia la tatu. Nikafundisha na sikio moja liko ng'ambo. Mwanzo nilisikia sauti yake ile ya chuoni, iliyopangika, kila neno na pasi yake. Kule kimya. Nikajua ule ukimya, niliuonja Julai kumi na sita. Anauliza swali. Kimya. Anauliza tena, pole pole. Kimya. Ubao wake lazima ulikuwa mzuri ajabu. Nilitaka kwenda kumsaidia. Nikajizuia. Angeona nini, mwanafunzi anamwokoa?

Halafu muda mrefu sikusikia kitu. Nikafikiri kaondoka.

Halafu miguu. Miguu mingi, inakimbia nje. Nikasema Mungu wangu, wamemshinda, wametoroka wote. Nikatoka mbio.

Wako uwanjani. Koti la suti limetundikwa kwenye goli la netiboli. Tai iko mfukoni, ncha inaning'inia. Darasa la nne zima limesimama duara moja kubwa, wameshikana mikono, na Makamu yuko katikati, mikono hewani. "Nusu huku! Nusu kule! Haraka!" Wanakatika, wanagongana, wanapiga kelele. "Sasa kila nusu, nipe nusu yake!" Wanakatika tena. Anakimbia kundi hadi kundi akihesabu vichwa kwa kidole. Kabaki mtoto mmoja hana kundi, msichana mrefu, kasimama peke yake. Makamu anamwambia yeye ni baki. Anakataa! Anasema yeye si baki, hao ndio wamegawanywa vibaya. Na Makamu kachuchumaa, kaanza kumhesabia upya, na mtoto anamwonyesha kosa liko wapi, na wale wote wameinama juu yao.

Josia katoa wadogo zake waangalie. La tatu langu nalo limetoka, linanisukuma mgongoni hapa dirishani nilipofungua daftari. Mwalimu Paschal yuko kwenye kizingiti, chai mkononi.

Makamu kainua kichwa. Kaniona. Shati limetoka suruali, vumbi mpaka kwenye miwani. Hakutabasamu. Kasema, "Nyanjige, bado sijakupima. Ukimaliza hilo unaloandika, nakuja kwako." Nikasema ndiyo Makamu. "Kengele ipigwe saa ngapi?"

Imeshapita. Nilitakiwa niipige muda mrefu uliopita. Watoto wanaona sufuria la uji linafuka moshi na hakuna hata mmoja aliyesogea.

Nikamwambia, "Bado kidogo, Makamu."

Akarudi kuhesabu. Faili lake lipo hapa ukutani, karibu na mguu wangu, kuku wa Mama Veronica analidonoa kona. Namfukuza. Anarudi. Mtoto yule mrefu sasa ndiye aliyesimama katikati, na Makamu kaenda kwenye duara, kashika mikono ya watoto wawili, anasubiri aambiwe aende nusu ipi —